Ukimwona Nyoka Uani, Usikimbilie Panga



Wewe mkaaji wa Mtua, na wewe wa vijiji vingine vya Nachingwea na Ruangwa, nyoka unamjua. Umemwona chini ya mkorosho. Umemwona akivuka njia ya kwenda kisimani. Huko shambani unampisha, naye anakupisha. Lakini siku unapomkuta uani, karibu na mafiga au ndani ya banda la kuku, mambo hubadilika. Leo tuzungumze juu ya siku hiyo.

Mara nyingi huwa hivi. Mama anakwenda kuchukua kuni. Anainua ukuni mmoja, anamwona amejikunja. Anapiga kelele, "Nyoka! Nyoka!" Watoto wanakimbia. Wengine hawakimbii mbali, wanakimbilia huko huko nyoka aliko ili nao wamwone. Kuku wanaruka. Majirani wanafika, huyu na panga, huyu na jembe, huyu na mchi wa kutwangia. Kila mtu anatoa amri, hakuna anayesikiliza. Mmoja anasema nyoka amwagiwe mafuta ya taa. Mwingine anasema amwagiwe maji ya moto. Kijana mmoja anayetaka kuitwa shujaa anasogea na fimbo fupi. Wakati huo nyoka amezungukwa pande zote. Hana pa kupita. Hapo ndipo anapouma.

Fikiri vizuri juu ya jambo hili. Yule mama aliyeinua ukuni hakuumwa. Aliyeumwa ni kijana aliyekuja kumwua. Watu wengi huumwa kwa bahati mbaya, kwa kumkanyaga nyoka wasiyemwona. Lakini wengine huumwa na nyoka waliyemwona vizuri kabisa, kwa sababu walimfuata.

Kuogopa si aibu. Wazee walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kushtuka ni kwema kama kunakurudisha nyuma. Kunakuwa kubaya kunapokupeleka mbele.

AMEFUATA NINI KWAKO?

Nyoka hakuja uani kwa ajili yako. Wewe huliwi naye. Amefuata chakula, maji, kivuli au mahali pa kujificha.

Chakula chake kikubwa ni panya. Na panya amefuata nini? Amefuata mahindi yako, karanga zako, na mabaki ya chakula yaliyotupwa nyuma ya jiko. Kwa hiyo mahali palipo na panya wengi, nyoka atakuja tu. Ukimwua huyu, kesho atakuja mwingine, maana ile harufu ya panya bado ipo. Nyoka wengine hula vyura, basi hufuata mahali penye maji yaliyomwagika. Wengine hupenda mayai na vifaranga.

Majira nayo yana mambo yake. Kabla ya mvua tunasafisha mashamba na kuchoma majani. Nyoka aliyekuwa porini hukimbia moto. Atakwenda wapi? Mara nyingi anakuja penye nyumba. Mvua zinapoanza, mashimo hujaa maji, naye hutoka kutafuta pakavu. Na wakati wa kuokota korosho, sisi wenyewe ndio tunaokwenda kwake. Tunainama chini ya mti, tunapekua majani makavu kwa mikono mitupu, na huko kwenye majani makavu ndiko kifutu anakopenda kulala.

Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni kubwa ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakafanya kazi. Walichimba vyoo, wakafyeka majani kuzunguka nyumba. Wakati ule shabaha ilikuwa malaria, kuhara, safura, kichocho na kifua kikuu. Nyoka hakutajwa sana. Lakini ile kazi ya kufyeka ilimhusu yeye pia. Uwanja uliofagiwa ukawa mweupe humwonyesha nyoka tangu mbali, na yeye mwenyewe hapendi kupita mahali asipo na kifuniko.

Basi fyeka majani kuzunguka nyumba. Kuni usizipange chini kwenye ukuta wa nyumba. Zipange juu ya uchanja, mbali kidogo na mlango. Rundo la matofali lililokaa miaka mitatu likisubiri nyumba mpya ni nyumba tayari, ila mwenye nyumba ni nyoka. Ziba matundu ya ukutani na chini ya mlango. Kata matawi ya mti yanayogusa paa. Mahindi na karanga weka katika ghala lililoinuliwa, au katika magunia juu ya chanja, panya wasifike kwa urahisi.

Watu wengine humwaga oili chafu ya gari kuzunguka nyumba. Wengine huchoma vipande vya tairi ili moshi umfukuze nyoka. Haijathibitika kwamba vitu hivi vinamzuia. Oili inaharibu udongo na maji, na moshi wa tairi unaumiza vifua vya watoto. Jembe na ufagio ni bora zaidi, tena havinunuliwi kila wiki.

SI NYOKA WOTE NI WAMOJA

Nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu. Lakini wewe si mtaalamu, na usiku hata mtaalamu hukosea. Kwa hiyo kila nyoka usiyemjua mhesabu kuwa ni mwenye sumu, ukae mbali naye. Hata hivyo ni vizuri kuwajua wachache.

Kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe, ni mfupi na mnene, na rangi yake inafanana na majani makavu. Hakimbii. Akisikia mtu anakuja hutulia palepale, akitumaini kuwa hataonekana. Ndiyo sababu watu humkanyaga. Sumu yake huvimbisha, huumiza sana na huozesha nyama.

Swila hutema. Huinua kichwa, akatanua shingo, akarusha sumu kuelekea machoni. Anaweza kukufikia ukiwa hatua mbili au tatu mbele yake. Pia huuma. Huyu huingia nyumbani usiku akifuata panya, na watu wanaolala chini kwenye mkeka wameumwa wakiwa usingizini.

Koboko ni mrefu, mwembamba na mwepesi sana. Sumu yake haivimbishi sana kama ya kifutu, lakini hulegeza mwili. Kope zinashuka, mate yanatoka, kumeza kunakuwa shida, kisha pumzi inashindwa. Huyu hasubiri kesho.

Yupo pia nyoka wa mitini mwenye macho makubwa, ambaye wengi humdharau kwa kuwa ni mpole. Akiuma, mtu anaweza kujiona mzima siku hiyo, kisha damu ianze kutoka kwenye fizi na mahali pengine baada ya saa nyingi. Usimchezee.

Chatu hana sumu. Huviringa na kukaba. Ataondoka na kuku wako au mbuzi mdogo. Huyu usipambane naye. Toa taarifa ofisi ya kijiji ili afisa wanyamapori aitwe.

UFANYE NINI UKIMWONA?

Simama. Mtazame alipo, kisha rudi nyuma polepole. Watoto waondoe kwanza, halafu mbwa. Watu wasikae pande zote. Wakae upande mmoja, mbali, wamwachie nyoka upande wa kwenda porini. Mtu mmoja tu mwenye macho mazuri aendelee kumwangalia, ili msije mkapoteza habari zake na kulala na wasiwasi. Mara nyingi kelele zikipungua yeye mwenyewe ataondoka.

Kama ameingia ndani ya nyumba, tokeni wote. Mlango wa nje uacheni wazi, milango ya vyumba vingine ifungwe. Msiingize mkono chini ya kitanda wala nyuma ya debe. Kama yuko mtu kijijini anayejua kazi hiyo, aitwe.

Najua baadhi yenu mtasema, "Huyu anatufundisha kumwonea huruma nyoka." Hapana. Mwenye watoto wanaotambaa ndani hawezi kumwacha swila chumbani. Ninalosema ni kwamba asimwendee mtu mwenye hasira na fimbo fupi. Na nyoka akishauawa, kichwa chake kisiguswe. Kichwa kilichokatwa bado kinaweza kuuma na kutia sumu kwa muda. Kizikwe kwa jembe. Watoto wasipewe kuchezea.

Hapa kwetu kusini tuna habari moja ya kukumbuka. Katika wilaya jirani ya Liwale aliishi Mwingereza mmoja, C. J. P. Ionides. Alianza kazi ya bwana nyama mwaka 1933, na baadaye akawa mkamataji wa nyoka. Watu wakamwita Bwana Nyoka. Alifika mpaka Newala kutafuta nyoka, akawakamata wakiwa hai, wakapelekwa kwenye bustani za wanyama na majumba ya makumbusho. Waliomletea habari za nyoka aliwalipa. Kwa hiyo faida ya mwanakijiji ilikuwa kumwacha nyoka hai, kumwangalia kwa mbali na kwenda kutoa habari. Ionides alifariki mwaka 1968. Yeye alikuwa na makoleo marefu na ujuzi wa miaka mingi, na bado aliumwa zaidi ya mara moja. Wewe mwenye mchi wa kutwangia ujipime mwenyewe.

NYOKA WA KUTUMWA

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini.

Nyoka akionekana uani, hasa akirudi mara ya pili, wapo wanaosema si nyoka wa kawaida. Wanasema ametumwa. Wanaanza kutafuta nani amemtuma. Mara nyingi kidole kinaelekezwa kwa mama mzee anayeishi peke yake, au kwa jirani mliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Kutoka hapo ugomvi unakua. Katika nchi yetu wazee wamepigwa na hata kuuawa kwa kushukiwa uchawi. Nyoka hajamuuma mtu, na tayari mtu amekufa.

Tuangalie sababu. Kwa nini nyoka anarudi mahali pale pale? Kwa sababu panya wako pale pale. Kwa nini ukiua mmoja wa pili hutokea? Watu husema amekuja kulipiza kisasi cha mwenzake. Ukweli ni kwamba wakati wa kupandana, jike huacha harufu anapopita, na dume huifuata harufu hiyo. Kama jike alipita uani kwako, dume atapita hapo hapo. Na kifutu huzaa watoto wengi kwa mara moja, mara nyingi 20 hadi 40. Ukiwaona watoto hao wametapakaa uani utadhani wamemwagwa na mtu. Wamezaliwa tu.

Ukimshuku jirani, panya hawapungui. Afadhali mwombe jirani huyo mfyeke pamoja, maana majani ya mpakani ni yenu nyote wawili.

MTU AKIUMWA

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka. Wanaokatwa viungo au kupata ulemavu ni kama mara tatu ya hao. Wengi wao ni wakulima na watoto wa vijijini, watu kama sisi. Mwaka 2017 shirika hilo liliweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa yanayopaswa kushughulikiwa haraka. Kwa hiyo usidhani ni balaa la Mtua peke yake.

Mtu akiumwa, kwanza mwondoe karibu na nyoka. Mwambie atulie, na wewe utulie. Akikimbia, sumu hutembea upesi mwilini. Mvue pete, bangili, shanga, saa na viatu upande ulioumwa, mapema, kabla ya uvimbe kuanza. Nguo inayobana ilegezwe. Kisha mguu au mkono ule ufungwe pamoja na kipande cha ubao au fimbo iliyonyooka ili usitikisike, kama mnavyofanya kwa aliyevunjika. Kitambaa kishike tu, kisikaze.

Asitembee. Abebwe kwa machela, au apakiwe kwenye pikipiki katikati, mtu mwingine akimshika kwa nyuma. Kama ana usingizi au anatapika, alazwe kwa ubavu wa kushoto. Angalieni saa aliyoumwa, maana mganga wa hospitali atauliza.

Yako mambo ambayo wengi wetu tumeyazoea, nayo yanaua. Kufunga kamba kwa nguvu juu ya jeraha huzuia damu, na mguu unaoza. Kuchanja kwa wembe huongeza jeraha na damu inayopotea. Kunyonya sumu kwa mdomo hakuitoi. Kupaka mafuta ya taa au mavi ya ng'ombe huleta vijidudu. Pombe haisaidii. Maumivu yakizidi mpe paracetamol kama anaweza kumeza. Usimpe aspirini, kwa sababu inazidisha kutoka damu.

Wala msipoteze muda kumtafuta nyoka ili mumpeleke hospitali. Hapo ndipo anapoumwa mtu wa pili. Elezeni rangi yake, urefu wake na alivyofanya. Kama mtu alimpiga picha kwa simu akiwa mbali, inatosha.

Kama swila amekutemea machoni, usifikiche. Fungua macho, mtu akumwagie maji safi mengi kwa dakika kama 15 au 20. Maji yasipokuwapo, maziwa yanafaa. Kisha nenda zahanati, hata kama maumivu yamepungua. Macho yaliyoachwa yanaweza kupata vidonda na kupofuka.

JIWE JEUSI NA MGANGA

Utaniuliza, "Mbona fulani aliwekewa jiwe jeusi, jiwe likanata, akapona?" Swali zuri.

Nyoka hatoi sumu kila anapouma. Wakati mwingine huuma tu ili umwache, na meno yakaingia makavu. Na wakati mwingine aliyeuma ni nyoka asiye na sumu kabisa. Watu hawa wangepona hata kama wangewekewa kipande cha kaa la moto lililozimika. Lakini kwa kuwa waliwekewa jiwe, sifa inakwenda kwa jiwe. Jiwe lenyewe kwa kawaida ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Una matundu madogo madogo, basi hunata kwenye jeraha lenye maji, kama kipande cha chungu kikavu kinavyonata ulimini. Haunyonyi sumu iliyokwisha kuingia mwilini.

Sina ugomvi na waganga wetu wa jadi. Wengi wanaaminiwa, na mgonjwa hufikishwa kwao kwanza. Ndiyo sababu wao ndio wanaoweza kusaidia sana. Mganga akimwambia mtu, "Huyu apakiwe sasa hivi, dawa yangu atakuja kuchukua akitoka hospitali," ameokoa maisha.

Hospitali kuna nini? Kuna dawa ya kuzuia sumu ya nyoka, inayotiwa katika mshipa wa damu. Hutengenezwa mara nyingi kwa farasi. Farasi huchomwa sumu kidogo kidogo, mwili wake ukajifunza kupigana nayo. Kisha damu yake hutolewa kiasi, ikasafishwa, kinga ikachukuliwa. Wengine humzoea mwili, wengine mwili wao huikataa, kwa hiyo hutolewa na mganga aliye tayari na dawa za kuzuia mshtuko. Si sindano ya kununua dukani na kuchomwa nyumbani. Na si kila aliyeumwa anahitaji. Wengine huangaliwa tu kwa saa 24, na hilo nalo ni matibabu.

Dawa hii ni ghali, na haipatikani katika kila zahanati. Hapa ndipo serikali ya kijiji ina kazi ya kufanya kabla mtu hajaumwa. Mwenyekiti na mtendaji waulize zahanati yao: dawa ipo? Kama haipo, iko wapi, hospitali ya wilaya au kwingine? Namba ya simu ya kupiga ni ipi? Nani ana pikipiki inayowaka usiku, na mafuta yatatoka wapi? Kitongoji kiwe na machela yake, mahali panapojulikana. Wakati mtoto anashusha kope si wakati wa kuanza kutafuta mwenye ufunguo wa ofisi. Mtoto ana mwili mdogo, na nyoka hampunguzii sumu kwa kuwa ni mtoto.

USIKU

Vaa viatu unapotoka nje usiku, hata kama unakwenda chooni tu. Beba tochi na umulike unapokanyaga. Gonga ardhi kwa fimbo ukitembea penye majani, maana nyoka huhisi mtikisiko na wengi huondoka. Kifutu haondoki, basi mulika.

Lala juu ya kitanda, si chini. Chandarua ulichopewa kwa ajili ya malaria kichomeke vizuri chini ya godoro au mkeka pande zote. Humzuia mbu, na nyoka pia. Wale wanaolala shambani wakilinda mazao dhidi ya nguruwe wajenge dungu lililoinuka, nao wachukue chandarua. Wakati wa korosho tumia kijiti au reki kupekua majani, kisha ndipo mkono ufuate. Viatu vya mpira vinavyofika chini ya goti si mapambo ya wakubwa. Mwenye korosho za kuuza anaweza kununua jozi moja kwa mwaka.

Na wewe uliyewahi kuumwa ukapona, usijivune kwamba sasa una kinga. Huna. Sumu ya mara ya pili itafanya kazi ile ile, na kama ulipata dawa ya farasi mara ya kwanza, mwambie mganga, kwa sababu safari hii mwili wako unaweza kuikataa kwa nguvu zaidi.